Hakuna Kontena, Mama

Bandarini Pireo, Ugiriki
Jumapili mchana, mwezi wa Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo tena, maana ya kwanza ni ya kila siku, hii ya pili ni ya aibu. Mguu unaendeleaje? Na ng'ombe, ameshazaa? Mimi mwili ni mzima, nakula, nafanya kazi, meno yote yapo. Moyo usiniulize.

Kabla sijaendelea, naomba nimsalimie mtu mmoja. Wewe unayeifungua bahasha hii kabla ya mama yangu: kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hujanizidi, marahaba. Soma taratibu, usiruke mstari, maana leo nimekuandikia na wewe. Ukimaliza ifunge vizuri. Ile ya mwisho naambiwa ilifika Masama imebandikwa gundi kama kiatu cha mwanafunzi.

Mama, barua ya shemeji imenifikia. Mke wa Kundaeli ana akili kuliko sisi wawili uliotuzaa. Hakuipeleka posta. Sefu, baharia wa Tanga ninayeishi naye huku, alikuwa amekwenda kwao kuzika, na aliporudi alipitia Moshi kuwasalimia kama nilivyomwomba. Shemeji akamkabidhi mkono kwa mkono. Nikainusa kwanza, ina moshi wa jikoni kwetu. Nikafurahi dakika moja. Kisha nikasoma.

Ndani kulikuwa na kipande cha gazeti. Picha yangu! Ile niliyokutumia, nimeegemea Mercedes nyeusi, miwani ya jua usoni, uliyoitundika karibu na kalenda ya usharika. Juu yake maandishi makubwa: MFADHILI WA VURUGU YUKO ULAYA. Chini wanasema "vyanzo vya kuaminika" vimethibitisha kwamba mtu huyu anaingiza kontena la siri kwa ajili ya wapinzani, uchaguzi uharibike. Nitakwambia ukweli, Mama, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba nimetoka vizuri. Maisha yangu yote nimetamani kutoka gazetini.

Sefu, ambaye huniita Mangi kama anavyomwita kila Mchagga, akachungulia begani kwangu.

"Mangi, umekuwa mtu mkubwa. Mwenye gari anajua?"

"Gari la wakala wa meli. Siku ile nilikuwa naliosha."

"Mbona gazeti halikuandika hivyo?"

"Hawakuniuliza."

"Na mama yako naye, alikuuliza ukamwambia?"

Mimi, Mama, niliyefukuzwa darasa la sita kwa mdomo, nikajifanya natafuta ukurasa wa pili wa barua.

Shemeji ameeleza yote. Walikuja wanne asubuhi. Wawili wakamfuata Kundaeli sokoni Kiboriloni akiwa anafungua robota la mitumba. Wawili wakaja nyumbani kuchukua picha na barua zangu, na wewe ukawapakulia mtori ukidhani ni rafiki zangu wa Ulaya wameniletea salamu. Walipomaliza kula, ndipo wakasema wametoka polisi. Kundaeli akakaa ndani siku kumi na moja, na kila siku mazungumzo ni yale yale:

"Kontena liko wapi?"

"Kontena gani, mzee?"

"La kaka yako."

"Kaka yangu hajawahi kutuma hata soksi."

"Ameandika kwa mkono wake kwamba anakula meza moja na wakubwa wa upinzani."

"Huyo aliwahi kuandika kwamba amechezea timu ya taifa ya Ugiriki."

Walidhani anawakejeli. Maskini, ndiyo mara ya kwanza kupigwa na mtu mwingine kwa kusema ukweli kuhusu mimi. Naambiwa sikio la kushoto bado halijafunguka. Kibanda chake kimefungwa, kila Jumatatu anakwenda kituoni kuripoti, na wamempa mpaka mwisho wa mwaka: mwenye kontena aeleze, ama yeye apandishwe kizimbani. Na baba mdogo, kwa sababu ni balozi wa nyumba kumi, anaandika kwenye daftari nani kaingia kwenu na nani katoka. Ndugu wa damu wa marehemu baba! Shemeji anasema siku hizi hakuna cha kuandika, maana hakuna anayeingia.

Nilipomaliza kusoma nikawasha redio, nikatafuta masafa mafupi mpaka nikaipata nyumbani, inakuja na kupotea. Nchi ni shwari, walisema. Maandalizi yanaendelea vizuri. Nikangoja waseme habari za muuza mitumba aliyeharibiwa sikio kwa maneno ya kaka yake. Wakasoma matokeo ya mpira, kisha wakatutakia siku njema.

Sasa nisikilize, maana kosa hili lina mwanzo, na mwanzo ni mimi.

Unajua ilivyo kwetu. Barua ya mtoto aliye nje si ya mtu mmoja. Inakuja kwa sanduku la usharika, inatangazwa baada ya ibada, na pale uwanjani, wakati mikungu ya ndizi na mayai ya sadaka vinangoja kunadiwa, Mwinjilisti anaisoma kwa sauti ile ile anayomsomea nabii Isaya. Nililijua hilo. Kwa hiyo miaka yote hii sikuwa nakuandikia wewe, Mama. Nilikuwa nauandikia ule uwanja. Mtoto wa jirani kajenga, mwingine kaleta mashine ya kusaga, na mimi niandike kwamba nakwangua kutu? Basi nikaandika: mwambieni Kundaeli asiogope, nchi inakuja mikononi mwetu, huku mimi na wakubwa wa upinzani tunakula meza moja, kontena liko njiani, na likifika watanijua mimi ni nani. Naambiwa watu walipiga makofi.

Wamenijua.

Sijui kama waliifungua posta, au kama kati ya wale waliopiga makofi yupo aliyeshuka mjini kesho yake kwenda kusema. Hilo linaniuma kuliko gazeti. Nikiwa kazini, nimening'inizwa kwa kamba ubavuni mwa meli, nawapitia jirani zetu mmoja mmoja. Ni wewe uliyenibeba mgongoni nilipoumwa na nyoka? Ni wewe, mama wa ubatizo? Nawaangalia sura zao nikitafuta mwenye hatia, nao hawana habari, wanapalilia migomba yao. Huku sina jirani mwingine, Mama. Hao ndio niliokuwa nao, nimebeba sura zao miaka tisa, na sasa siwezi kumwazia hata mmoja bila kumhoji.

Basi ukweli ni huu, na uandikwe popote ulipoandikwa uongo. Kazi yangu ni kukwangua kutu kwenye meli na kupaka rangi. Sijawahi kumwona kiongozi wa chama chochote, isipokuwa kwenye gazeti lililofungiwa samaki. Ile meza moja ilikuwepo, lakini niliyekula naye ni kijana aliyesema ni binamu wa mgombea. Baadaye nikagundua naye ni mwongo. Waongo wawili, sahani moja ya chipsi, ndio mkutano wote.

Na kontena ninalolijua ni moja. Limechakaa, liko nyuma ya gati, tunalala humo mimi, Sefu na Wasomali wawili. Ndani kuna magodoro manne, jiko la mafuta ya taa, na hiyo redio. Hakuna silaha, hakuna fedha za chama, hakuna hata kipeperushi. Anayetaka kupekua aje, nitampikia chai.

Tena wewe msomaji wa kwanza, nikuulize kwa heshima. Hata lingekuwepo, limejaa fulana na vipaza sauti, kosa liko wapi? Si mmetangaza wenyewe kwamba vyama vingi ruksa? Mnamfungulia mtu mlango wa dansi, halafu mnamkamata kwa kucheza. Huku nako nikimwona askari navuka barabara, maana sina karatasi za kuishi hapa. Lakini wa huku anataka karatasi tu. Hajawahi kuuliza mama yangu katundika nini ukutani.

Kinachonitisha, Mama, ni kwamba nimewadanganya vizuri mno. Huyo Aminieli mnayemwombea kila Jumapili, mwenye ofisi na dereva, mimi simjui. Na huyu anayelala hapa hakuna hata mtu mmoja Masama anayemjua, kwa hiyo hakuna anayemkumbuka. Siku ya kuzaliwa kwangu nilijiimbia mwenyewe kwa Kichagga nikiwa juu ya kamba. Mgiriki wa chini akadhani naomba ndoo.

Sasa ombi langu, nalo ni moja. Barua hii mpe Mwinjilisti aisome pale pale uwanjani, kabla ya mnada, kwa sauti ya Isaya, asiruke hata neno. Asome kutu, asome magodoro. Najua watacheka. Waache wacheke mpaka washike mbavu, na baba mdogo acheke, aandike kwenye daftari lake kwamba ukoo mzima umesikia. Jambo lililochekwa na uwanja mzima ni vigumu kulipeleka mahakamani. Kisha Kundaeli aibebe Jumatatu, aiweke mezani kwao.

Mwambie Kundaeli hivi: tangu utotoni umekuwa ukisema kaka yako ni mwongo, nami nikikupiga kwa hilo. Sema sasa. Sema kwa nguvu, nimekuruhusu.

Nisalimie shangazi mwenye kisukari, na fundi cherehani wetu, mwambie suruali aliyonishonea bado ipo, mimi ndiye niliyepungua. Msalimie baba mdogo pia. Shemeji msalimie kwa jani la isale, ukalichume mwenyewe mpakani mwa kihamba chetu cha migomba, umpe mkononi useme limetoka kwangu. Huku hayaoti, na bila hilo siwezi kumwomba msamaha ipasavyo. Desemba mkichinja mbuzi, fungu langu la mtoto wa kwanza apewe Kundaeli, mbele ya wote.

Shemeji kaniandikia nisije. Nimesikia. Lakini mwaka ukiisha hawajamwachia, nitakwenda kwa askari wa bandari kwa miguu yangu, niwaambie sina karatasi, wanirudishe. Watakaonipokea uwanja wa ndege wasihangaike kutafuta mzigo. Wataniona nashuka mikono mitupu, na hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kutuma nyumbani.

Ni mimi mwanao, mkwangua kutu,
Aminieli