Seva Inayojibu "Nzuri Tu"

Jumanne, 8 Aprili

Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Asubuhi Mzee Masunga kanipigia kutoka Zombo. Ndiye msomaji wetu wa mto kule juu. Nikamwamkia, akaitikia, tukaulizana ya nyumbani na ya ng'ombe, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: binti, vipimo vyangu mnavipeleka wapi? Jana jioni maji yalipita alama ya njano. Akatuma kwa simu. Simu ikamwambia "Imepokelewa". Na hakuna SMS iliyomfikia mtu yeyote bondeni, hata yeye.

Nikafungua kompyuta. Kweli! Cha jana jioni hakipo. Cha asubuhi kipo. Cha juzi hakipo. Ni kama kuna mtu anakula kimoja, anabakiza kimoja.

Na dashibodi ya kuonyesha hali ya seva? Kijani tupu. Kilosa kijani, Mikumi kijani.

Mfumo huu niliufunga mimi mwaka jana, kwa mikono yangu. Jina moja la intaneti, nyuma yake seva mbili: moja hapa ofisini Kilosa, nyingine Mikumi. DNS, kitabu cha anwani cha intaneti, inagawa mzigo, simu hii inaelekezwa huku, ile kule. Kila nusu dakika kuna mlinzi wa mtandaoni, programu tu, anapita kuuliza kila seva hali yake. Isiyojibu inatolewa kwenye zamu, kazi yote inaenda kwa mwenzake mpaka ipone. Mto ukipita alama ya njano, SMS ya tahadhari inatoka; ukigusa nyekundu, inakwenda nyingine kwa kila mtu wa bondeni: toka, panda juu. Basi. Ndiyo kazi yote ya mradi huu, mengine ni semina na fulana.

Sasa kuna seva inameza vipimo na mlinzi haoni. Na Mama amehamia shamba Kilangali tangu Jumapili, analinda mpunga usiliwe na ndege. Shamba lenyewe hatua hamsini kutoka mtoni.


Jumatano, 9 Aprili

Nimempata mla vipimo. Ni seva ya hapa Kilosa. Diski imekufa tangu tarehe 27 Machi. Wiki mbili! Seva inawaka taa, inapokea kipimo, inasema asante, inakitupa. Na mlinzi akiuliza hali, inajibu mzima.

Nilikwenda kwa Mratibu nikiwa bado najizuia. Nikasema: Bwana Casmir, diski mpya itoke Morogoro, na kwa sasa tuitoe seva ya Kilosa kwenye zamu, Mikumi inatosha kubeba yote. Kazi ya dakika mbili.

Akaniambia nikae. Mimi nikisikia "hebu kaa kwanza" najua tayari.

Wageni wa wafadhili wanakuja Jumanne, anasema. Pesa ilitolewa kwa ajili ya seva mbili zinazogawana mzigo. Wakikuta moja nyekundu tutasemaje? Diski imeshaagizwa, itafika wiki ijayo. Tusubiri wageni waondoke.

Nikamwambia mto hausubiri wageni. Akacheka! Akasema: dada Yusrah, wewe ni fundi mzuri sana, ila ofisi huijui.

Nikarudi mezani nifanye mwenyewe. Nywila ya akaunti ya DNS imebadilishwa. Sasa anayo Nickson, fundi wa Mikumi. Mimi niliyeifungua akaunti ile sina ufunguo wake. Nilipiga meza mpaka mama wa chai akachungulia.


Alhamisi, 10 Aprili

Mvua nyepesi. Nimempigia Mama.

Shikamoo. Marahaba mwanangu. Habari za huko? Nzuri tu. Mpunga? Nzuri. Mguu? Mzuri.

Mguu mzuri! Mama Abubakari wa shamba la jirani kaniambia Mama anachechemea tangu Jumatatu, kaumia kwenye ngazi ya dungu, kile kichanja cha juu cha kufukuzia ndege. Ndivyo alivyo. Mwaka juzi nilimkuta kalazwa, dripu mkononi, nikamuuliza habari, akasema nzuri tu, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimemwambia akiona maji yanabadilika rangi atoke bila kusubiri SMS. Akauliza, kwani SMS zenu zimeharibika? Nikasema hapana, tunarekebisha. Nami nimejibu nzuri tu, mtoto wa mama yangu.


Jumamosi, 12 Aprili

Mikumi. Nimekuja na pikipiki ya mradi bila kumuaga mtu. Barabara tope tupu, nimeanguka mara moja karibu na kijiji cha Ulaya, goti linawaka. Sijali.

Seva yetu ya huku iko kwenye chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kati ya mabati na rangi. Malori ya Iringa yakipita dirisha linatetemeka. Nickson alinikaribisha na soda. Sikuigusa.

Nikamuuliza nani kabadilisha kipimo cha afya, lile swali mlinzi analoiuliza seva. Akaangalia mabati. Akasema: sista, mimi niliambiwa tu.

Hadithi yake hii hapa. Januari, nikiwa likizo, umeme wa Kilosa ulikuwa ukiyumba kila siku. Seva ikizima mlinzi anaona, kazi inahamia Mikumi yenyewe, hakuna kilichopotea. Yaani mfumo ulifanya kile hasa nilichoufunga ufanye! Lakini kila ikihama, ripoti ya mwezi inawekwa alama nyekundu. Mratibu akachoka na nyekundu. Hata umeme ulipotulia bado alikuwa haridhiki, maana kipimo changu kilikuwa kikali: kilikuwa kinaandika namba kwenye hifadhidata, kinaisoma tena, kisha ndipo kinajibu. Diski ikiwa nzito kidogo tu, kinasema hapana. Mratibu akamwambia Nickson atafute kipimo "chenye heshima zaidi". Kwa maneno hayo hayo.

Nickson akatafuta ndani ya seva, akakuta ukurasa ambao haupimi chochote. Umeandikwa tu, umekaa. Mlinzi akiuliza unamjibu. Akamwelekeza mlinzi huko. Tangu hapo, hata ndani kukiungua, mlangoni kuna mtu anasema karibu.

Nilimtukana. Naandika ukweli, nilimtukana mtoto wa watu mbele ya mteja aliyekuja kununua misumari. Nikamuuliza ni mpumbavu gani aliacha ukurasa wa namna hiyo ndani ya seva.

Akaufungua kwenye skrini, akanigeuzia.

"Nzuri tu. Karibu. – Y."

Y ni mimi. Niliuandika siku ya kwanza kabisa ya kufunga mfumo, kujaribu tu kama seva inafikika kutoka nje. Nilikuwa nafurahi. Nikausahau.

Nimekunywa ile soda.

Tumerudisha kipimo changu cha zamani. Ndani ya dakika moja mlinzi akauliza Kilosa, Kilosa ikashindwa, ikatoka kwenye zamu. Nikampigia Mzee Masunga atume kipimo. Kikatua Mikumi, kikaandikwa. Nikamwambia atume tena, kikatua tena. Yule mzee alikuwa akicheka, anasema leo binti unanichosha.


Jumapili, 13 Aprili

Nyumbani Kilosa. Goti limevimba. Vipimo vyote vimeingia. Kijani kimoja, nyekundu moja, na ni dashibodi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona.

Bado nimekasirika, ila sasa hasira haijui iende kwa nani. Niliporudi kutoka likizo Februari nilikuta kijani mwezi mzima. Sikuuliza. Nilijisifu! Nilimwambia hata Mama.


Jumatatu, 14 Aprili

Hana haya. Hana haya kabisa.

Saa mbili asubuhi Mratibu kaniita mbele ya wafanyakazi wote. Nani kakutuma Mikumi? Pikipiki ya mradi umeitumia kwa kibali cha nani? Nimejibu kwamba seva yake inatupa vipimo vya watu. Akasema hiyo ni lugha mbaya. Kisha akatoa simu, akampigia Nickson, akaweka spika makusudi ili nisikie. Rudisha kama ilivyokuwa. Leo. Mpaka wageni waondoke.

Nickson akasema sawa, Mratibu. Mkataba wake unaisha Juni, ana mtoto mchanga. Najua. Lakini "sawa, Mratibu" ile bado inanichoma.

Saa nne dashibodi ikawa kijani mara mbili. Watu wakapiga makofi, sijui kwa lipi.

Nimepiga simu kwa wasomaji wote saba, nikawaambia kila wakituma wanipigie na mimi. Sita nimewapata. Mzee Masunga hapatikani, mtandao wa Zombo umelala kwa mvua. Nimemwandikia ujumbe. Nimempigia Mama pia: rudi nyumbani. Akasema ndege watamaliza mpunga, Jumatano atakuja kuniona.


Jumanne, 15 Aprili

Naandika kwa sababu mikono lazima ishike kitu.

Wageni walifika saa tatu. Sambusa, maji ya chupa, dashibodi imetupwa ukutani kwa projekta. Mratibu anaeleza jinsi seva mbili zinavyogawana mzigo. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akauliza swali la maana: na moja ikiugua mnajuaje? Mratibu akasema kuna kipimo cha afya, kila nusu dakika. Akanyoosha kidole kwenye kijani. Mimi nimesimama nyuma, natafuna ulimi wangu.

Saa tano kasoro robo simu yangu. Mzee Masunga. Hata sikumwamkia, na yeye hakungoja. Binti, mbona SMS haijaja? Alama nyekundu imezama tangu alfajiri. Alituma saa kumi na moja. Akatuma saa kumi na mbili. Akatuma saa moja. Simu yake ilishikilia njia ya Kilosa mara zote tatu. "Imepokelewa." "Imepokelewa." "Imepokelewa." Akashukuru, akaenda kuhamisha ng'ombe. Ujumbe wangu wa jana hakuupata.

Maji ya Zombo yanafika Kilangali kwa saa sita hivi. Nikahesabu kwa vidole. Saa kumi na moja alfajiri mpaka sasa: karibu saa sita zimeshapita.

Sikumwambia mtu. Nikaingia chumba cha seva, nikachomoa waya wa mtandao na wa umeme. Ile mashine haikujua kusema naumwa, basi nikaizima. Nilisikia ukumbini wote wameshtuka kwa pamoja, kijani kimegeuka nyekundu ukutani. Nikamwambia Mzee Masunga, nikipiga kelele: tuma sasa! Akatuma. Kikatua Mikumi. Saa tano na dakika nne simu yangu ikatetemeka: HATARI, TOKA BONDENI, PANDA JUU. Simu ya mama wa chai ikalia, ya dereva ikalia.

Saa sita kamili za kuwaambia watu watoke, tumezitupa.

Mratibu akaja mlangoni amewiva uso. Umenidhalilisha, anasema. Nikamwambia kuna watu kwenye maji. Akasema tutaongea wageni wakiondoka. Yule mama mgeni alikuwa nyuma yake, ameshasikia. Akauliza: watu wangapi? Mratibu hakuwa na namba. Mimi ninayo: mia nne na kumi na mbili wamejiandikisha. Yule mama ameanza kupiga simu wilayani, kwa simu yake mwenyewe.

Saa tano na dakika ishirini nimempata Mama.

Shikamoo Mama. Marahaba mwanangu, habari za kazi? Nzuri. Habari za huko? Nzuri tu.

Nyuma yake nasikia mtoto analia.

Nikauliza vingine. Mama, umesimama juu ya nini?

Akasema: kwenye dungu. Na mama Abubakari na wajukuu zake wawili. SMS ilifika, ila njia ilikuwa imeshafunikwa.

Dungu lile alilijenga Baba kwa miti ya mkambala. Ngazi ina vidato vitano, utotoni nilikuwa navihesabu nikipanda. Nikamwambia: nitajie vidato unavyoviona juu ya maji, usiniambie kingine. Akasema vitatu. Nikamwambia afunge simu atunze chaji, nitapiga mimi.

Saa sita. Nickson kapiga. Hakusema sista wala nini. Kampakia mwenye duka na mtumbwi wa mtu kwenye lori la mabati, wako njiani, wamefika Ulaya, tope linawasumbua. Nimemwambia endesha.

Saa sita na nusu. Vidato viwili. Sauti yake iko chini, hataki watoto wasikie. Lori limekwama, wanalisukuma.

Mratibu ameingia, ameshika ule waya niliouchomoa. Anausokota tu, ameketi kwenye kiti changu cha pili. Sijamfukuza.

Saa saba na dakika kumi. Nimepiga tena. Nilikuwa nafungua mdomo kumwamkia, akaniwahi:

"Kimoja."