Gari Umenipa Mimi, Posa Umempa Yeye

Mpendwa mpwa wangu Barasa,

Natumaini u mzima huko Eldoret. Mimi mjomba wako nina afya ya fahali, ila moyo ndio unaonguruma, na aliyeuharibu ni wewe.

Leo asubuhi Fundi Elija, huyo mkubwa wako wa kazi, ameingia uwanjani kwangu hapa Nakuru na gari yake inayolia ikikata kona. Sikuwa na neno. Mgonjwa ni mgonjwa. Lakini nilipokuwa nimelala chini ya gari akaniambia, kama mtu anayeomba maji ya kunywa, kwamba Jumamosi anateremka Naivasha kukuposea. Yeye! Akae mahali pa marehemu baba yako mbele ya wazazi wa Rosa. Mimi niliyetoka tumbo moja na mama yako, habari hiyo nimeipata nikiwa chali, grisi ikinidondokea shavuni.

"Umesema anayeposa ni nani?"

"Ni mimi, mzee. Kijana wangu ameniomba."

Kijana wangu! Nilibana spana mpaka ikaniachia alama kiganjani. Na hiyo kofia yake mpya, amesema ni zawadi kutoka kwako. Kwani mimi kichwa changu hukuwahi kukiona? Kipo, Barasa. Kipo juu ya shingo, kinapigwa na jua kila siku.

Unakumbuka ulipokuja kwangu, ndevu zako bado zinahesabika? Nilikupeleka kule chini karibu na ziwa, kwenye vumbi jeupe, nikawa nazungusha lori la mwenye duka, nawe umesimama kwenye kikanyagio cha mlango, sikio nje kama mbwa mlinzi.

"Mjomba, inalia ukikata kushoto!"

"Basi ubovu uko wapi?"

"Kushoto!"

Nilicheka mpaka flamingo wote wakaruka wakahamia Ziwa Elmenteita, na watu wa huko wanauliza hadi leo wageni wale walitoka wapi. Halafu nikakutwika gunia la mahindi, nikakwambia kimbia, kata kushoto. Ulipepesuka, ukanitukana kimoyomoyo, niliona.

"Mguu gani umelemewa?"

"Wa kulia, mjomba."

"Haya. Na gari nayo ina miguu."

Mimi niliacha shule darasa la pili, mwalimu alipoona nimeanza kumzidi, lakini somo lile hukulisahau. Tangu siku ile hapakuwa na gari ya kutudanganya. Ikipiga tak-tak kwenye kona, ulikuwa unaniangalia, mimi nakuangalia, na mwenye gari anabaki kutushangaa kama watu wanaoongea lugha yao wenyewe.

Sasa sikiliza ya Elija wako. Gari yake ilianza kunguruma kwenye zile kona za kuteremkia Molo, kila anapokata kushoto. Akalifungua gurudumu la kushoto pale kando ya barabara, akalipaka grisi, akalirudisha. Ikanguruma vilevile. Mimi nilishaisikia ikiwa bado iko Njoro, nikamwambia mama wa chai aongeze kikombe, mgeni anakuja na beringi mbovu ya gurudumu. Nikapiga jeki upande wa kulia, nikazungusha gurudumu kwa mkono. Likakoroma kama mlevi.

"Lakini mzee, inalia ikienda kushoto!"

"Fundi, wewe hujawahi kubeba gunia?"

Hakuelewa. Barasa, nilifurahi kiasi kwamba hata sasa naona haya kuandika. Kumbe lile la gunia hukumpa! Kofia umempa, lakini lile umeliweka.

Furaha haikukaa. Akanywa chai yake, akasema, "Barasa ndiye aliyeniambia. Gari ikilia kwenye kona, Nakuru nisimguse fundi mwingine ila wewe."

Hapo ndipo uliponichoma. Gari umenipa mimi, posa umempa yeye. Chuma unaniamini, mke huniamini?

Nikamwuliza sababu. Akajikuna kofia yako. "Anaogopa utawaambia wakwe habari za simba wa Longonot."

Haya. Yule simba aliyenisukumia gari mpaka juu ya mlima ni wa kweli, na kama amekufa kabla hujamwona, hilo si kosa langu. Lakini ndiyo sababu hiyo, mwanangu? Mtu mkimya anayekujua mwaka mmoja ni bora kuliko mwenye mdomo aliyekupakulia ugali miaka yote ile?

Nitakwambia wivu ulinifundisha nini leo. Ulinifundisha kwamba ningeweza kuijaza beringi ileile grisi, inyamaze mpaka Gilgil, halafu ipige mayowe pale kwenye lango la wakwe, Elija aaibike na kofia yake. Niliishika mkononi, nikaifikiria. Halafu nikakumbuka kwamba kurudi utapanda gari hiyohiyo. Nikaitupa, nikafunga nyingine nzuri, niliyokuwa nimeificha hata wewe huijui.

Sasa gari imepona. Inakata kushoto, inakata kulia, kimya kama paka. Ila ufunguo niko nao mfukoni.

"Beringi mpya," nimemwambia Elija, "lazima iendeshwe kwanza na aliyeifunga."

"Hiyo ni sheria ya nani?"

"Ya Nakuru."

Amecheka kwa sauti, akaenda akafungua mlango wa abiria, akakaa, kujaribu kama kiti kinamtosha. Si mtu mbaya. Ndilo linaloniudhi zaidi.

Kwa hiyo Jumamosi usishtuke ukiniona Naivasha nimeshika usukani. Barua hii ataifikisha utingo wa lori la kupanda Eldoret jioni hii, uwe umejitayarisha. Maneno ya posa atasema Elija, kama ulivyopanga. Mimi nitanyamaza, na ujue itaniuma kuliko jino. Lakini baba yake Rosa atauliza huyu kijana amelelewa na nani, mzazi hawezi kukosa kuuliza hilo. Hapo nimekubaliana na Elija: yeye atafunga mdomo, na mimi nitafunga wangu.

Jibu utalitoa wewe, kwa sauti, watu wote wakisikia.

Ndimi, ndugu wa mama yako,
Mjomba