Dawa Iliyomlaza Chenge

Igogo, Mwanza
Julai 1996

Mama yangu,

Shikamoo. Mtoto hajambo, jino la pili limetoka, ila usiku hanipi usingizi. Yale majani uliyotuma nimemfukiza, kifua kimefunguka. Asante.

Kaka Chenge naye amepona. Tangu amzike mwanawe alikuwa halali, halii, haongei. Mganga wa Buhongwa akamfukiza na kumnywesha mizizi, sasa analala na kula. Imemsaidia kweli, Mama, ndiyo maana naogopa. Kila anachoambiwa na yule mganga anakiamini.

Jana alikuja kuazima panga. Nikamtania, "Kaka, kiangazi hiki utafyeka nini?" Hakucheka. Akaniuliza, "Macho ya mama bado mekundu?"

Nikamwambia ni moshi wa mavi ya ng'ombe unayopikia tangu tukiwa wadogo. Akasema, "Mganga ameyaona. Macho hayo ndiyo yaliyomla mwanangu."

Panga nimemnyima, lakini mapanga yapo mengi.

Dorcas anayekusomea barua hii ndiye atakayekuleta kwangu. Ondoka naye sasa hivi, usirudi ndani kufuata kitu. Na Chenge akiita mlangoni, Mama, safari hii usimwitikie.

Kitanda nimeshakutandikia.

Mwanao,
Selina