Chipu Niliyoifuta

Jumatatu, 6 Oktoba
Kompyuta mbili zaidi za wateja zimegomea mfumo mpya. Za zamani, hazina chipu ya usalama, ile inayotunza siri za mashine. Wenyewe wananitazama kama mimi ndiye niliyeing'oa. Hapa dukani Maili Moja vumbi tupu.
Jioni kaja Bi Mwajuma kutoka Kisarawe na laptop ya marehemu mumewe, mwalimu wa madrasa. Anataka niiwekee mfumo mpya. Hii chipu inayo, inasumbua tu. Ndani mna darsa alizorekodi mzee. Huzisikiliza kila baada ya alfajiri.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeharibu. Nilitaka kumaliza haraka, nikaifuta chipu ianze upya. Onyo lilitokea kwenye kioo, nikalikubali bila kulisoma. Kumbe diski ilifungwa kwa siri iliyokuwa ndani ya chipu hiyo. Sasa inadai ufunguo wa akiba, tarakimu nyingi. Sina. Bila huo hakifunguki kitu.

Jumatano, 8 Oktoba
Bi Mwajuma kapiga simu. Nikamwambia diski ilishakufa zamani. Uongo mtupu. Akasema, "Basi, binti yangu, ndiyo mipango ya Mungu." Akaniombea dua. Mimi!

Ijumaa, 10 Oktoba
Fundi mwenzangu anasema nyamaza, wateja hawajui. Jana nilinyamaza. Leo nimeshindwa, nikaenda Kisarawe na laptop yao.
Nikasema yote barazani, kichwa chini. Diski ni nzima. Nimeifunga mimi. Nilikudanganya. Bi Mwajuma akaichukua laptop, akaipakata. Nikatamani anitukane.
Saida, bintiye, akauliza, "Huo ufunguo huwa unahifadhiwa wapi?"
Nikamwambia mara nyingine huwa kwenye akaunti ya mtandaoni ya aliyeiwasha kwanza.
"Niliiwasha mimi. Kwa barua pepe yangu."
Akafungua simu. Ufunguo upo.
Ningemuuliza mama yake Jumanne ile ile, tungeupata. Niliogopa kuonekana sijui kazi. Kwa hilo tu, nilikuwa tayari waipoteze sauti ya mzee.
Nikauingiza, diski ikafunguka, sauti ya mzee ikatoka. Alikohoa kwanza, halafu bismillahi. Bi Mwajuma akajifunika uso kwa kanga. Nikashuka barazani.

Jumapili, 12 Oktoba
Laptop imebaki kwao na mfumo wake wa zamani. Saida alisema watatafuta fundi mwingine wa kuweka mpya. Haki yao.
Leo sikufungua duka. Nimefua, nimepika maharage. Bi Mwajuma kapiga kuuliza kama juzi nilifika salama. Nikasema ndiyo. Kisha nikarudi kugeuza maharage.