Panya, kuvumwani na mbwa wetu Simba

Jumamosi, Molo. Baridi kali. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na nimekaa jikoni na aibu yangu.

Alhamisi mbwa wetu, Simba, alikufa. Alirudi kutoka nyuma ya nyumba akipepesuka, povu mdomoni, na kabla daktari wa mifugo hajashika simu alikuwa amekauka. Nilienda moja kwa moja hadi kwenye ua unaotutenganisha na jirani yetu, mzee Cheruiyot, nikapiga kelele: "Nyinyi ndio mmemwekea sumu!"

Nyinyi.

Sikumaanisha yeye na mkewe tu. Nilimaanisha kabila lao, na walinielewa. Huku kwetu neno hilo limewahi kuchoma nyumba.

Leo mzee aliniita. Nilimkuta chini ya msunguti, ule mti ambao zamani ulitoa sumu ya mishale. Miguuni pake palikuwa na mzoga wa panya mkubwa kama paka, manyoya marefu meusi kwa meupe, shingoni alama za meno.

"Huyu ndiye aliyeumwa na Simba," akasema.

Akanionyesha shina. Upande mmoja limefunikwa na kuvumwani, ile inayoota juu ya magome, ya kijani, laini kama zulia. Upande wa pili kuvumwani imebanduliwa na gome limetafunwa.

"Hii imekaa hapa tangu nikiwa kijana," akasema. "Inashika gome tu, inakunywa mvua. Haina haja na sumu ya mti. Lakini panya huyu anatafuna gome, halafu anajipaka mate kwa manyoya. Mbwa akimuuma, kwisha."

Alieleza polepole, bila kunikaripia. Heri angenikaripia.

Panya anajipaka sumu kwa sababu ana maadui. Mimi adui yangu alikuwa nani? Mzee huyu aliyekesha nasi tulipofiwa na mama mkwe?

"Nisamehe, mzee. Nilidhani ni sumu ya kutegwa."

"Mimi sina neno. Mama ndiye hajalala vizuri tangu siku hiyo."

Nikaenda kwao nikabisha. Mkewe, Mama Chebet, alifungua dirisha kidogo.

"Pole kwa mbwa," akasema, akalifunga.

Nimeomba msamaha wa sumu. Wa lile neno sijaomba.

Kesho nikitoka kanisani nitarudi, nilitaje neno lenyewe na kuliombea msamaha, majirani wasikie kama walivyonisikia Alhamisi. Mama Chebet asipofungua, nitayasema hayo hapo nje, mvua inyeshe isinyeshe.