Kosa la Ukurasa wa Tisa

Embu, Jumapili

Dada Kajuju,

Ndizi zilifika, saba tu ndizo zilipondeka. Usininunie kwa kukosa kuja Githongo kuchuma kahawa. Ni hii digrii ya usimamizi wa umma ninayosomea kwa simu, na miaka yangu arobaini na sita.

Mwalimu alinipa thelathini na tisa kwa mia katika insha. Nilikuwa nimeeleza ugavi wa maji vijijini, kazi niliyoifanya miaka kumi na minne. Akaniandikia, "Haya umesoma wapi? Tumia ripoti niliyoweka kwenye mtandao."

Nikaifungua. Dada, ni ile niliyoandika mimi kazini, kurasa zote arobaini na mbili! Jina la juu ni la Gichovi, bosi wangu. Ndiyo iliyompandisha cheo. Hata kosa langu la ukurasa wa tisa bado liko: familia 318 badala ya 381.

Nisipomtaja, naanguka. Siku tatu sikutulia, hata chai ilinishinda. Jana nilituma insha upya. Gichovi nimemtaja mara sita. Halafu nikaandika kwamba ukurasa wa tisa umekosewa, familia ni 381.

Sasa mwalimu aniulize tena nimesoma wapi.

Mdogo wako asiyetulia,
Kanana