Sauti Yangu Kwenye Msumari

Kismayu, Ijumaa, baada ya alasiri

Upepo wa kusi unapiga mabati tangu asubuhi, na kila yakilia nashtuka nikidhani ni simu. Simu yenyewe ninayo mkononi. Chai imepoa mbele yangu.

Naogopa, shajara. Nalisema mapema ili nisije nikalizungukazunguka kama kawaida yangu.

Mnaoisoma shajara hii mtandaoni siku zote mnajua nilivyotamba likizo hii ilipoanza. Chuo kilitoa ufadhili wa utafiti wa likizo ndefu kwa sisi wa shahada ya kwanza, nami nikaupata. Mada ina jina refu kuliko foleni ya kliniki: matumizi ya kompyuta na simu katika afya, kwa namna inayomweka mgonjwa katikati. Kaka yangu Athmani tangu hapo ananiita daktari wa simu, na anapiga saluti nikipita.

Kazi yangu ni ujumbe wa sauti kwa wajawazito wa visiwani. Kila Ijumaa simu inalia, mama anapokea, anaambiwa ajiangalie nini wiki hiyo na dalili gani zimpeleke kliniki bila kungoja. Wanawake wenyewe ndio waliochagua uwe vipi. Walikataa Kisomali cha redioni, wakakataa na Kiswahili cha vitabuni. Walitaka kuambiwa na mtu wao, kwa lugha ya jikoni kwao. Basi sauti ni yangu, na lugha ni Kibajuni cha bibi yangu aliyenilea kisiwani Koyama.

Kwenye usaili waliniuliza kwa nini wanichague mimi na si mwingine. Nilijibu kifua mbele kwamba mimi ni wa Koyama, nyumba za kule nazijua kwa ndani.

Nazijua kwa ndani!

Leo mchana, watu walipotoka msikitini, tulikuwa tumezunguka sinia la wali na samaki. Simu ya mama ikalia. Mama ana mafuta mikononi, akaibonyeza kwa kidole cha mwisho na kuiweka spika. Alikuwa mjomba, kutoka Koyama, na kama kawaida alianza kwa kupiga kelele, maana simu ya kwao haishikwi sikioni. Mtandao unaingia kwa dirisha moja tu la nyumba ile. Kwenye dirisha kuna msumari, na simu hutundikwa hapo ndani ya mfuko wa nailoni. Ukiitoa, inakata. Kwa hiyo ikilia, aliye karibu anabonyeza, sauti inatoka wazi, na nyumba nzima inanyamaza isikie. Nimekulia chini ya msumari ule. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nanyanyuliwa juu ili nibonyeze mimi.

Mjomba alikuwa bado anauliza hali ya mtu mmoja mmoja wakati nilipolirudisha tonge kwenye sinia.

Nyumba ya Esha nayo ina msumari.

Esha si jina lake. Ni binti wa mama mdogo, mkubwa wangu, ameolewa kule Koyama na anaishi na mumewe Shee na mavyaa wake, yaani mama wa huyo Shee. Mimba zake mbili zilitoka, na zote zilitoka baada ya watu kujua. Hii ya tatu ameificha. Anajua Shee, na najua mimi. Mavyaa hajui, na si kwa ubaya. Esha anaona kila mdomo unaojua ni jicho jingine juu ya tumbo lake. Hakutaka kuingia kwenye mradi. Mimi ndiye niliyembembeleza, nikamwambia siri yake itaishia kwenye simu.

Na saa ya ujumbe niliichagua mimi pia: Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, wakati kila mtu yuko nyumbani na simu haikosi wa kuipokea. Mwalimu anayenisimamia alinisifu kwa hilo. Sisi wawili tulisahau kwamba saa hiyo ndiyo saa ya wageni.

Nilinawa mkono juu juu nikakimbilia chumbani kwenye laptopu ya chuo, niuzuie ujumbe wa Esha. Umeme ulikuwepo, intaneti haikuwepo. Nikampigia mwalimu, simu imezimwa. Nikapiga tena na tena, nikimwomba Mungu amwamshe kama amelala. Nilimpigia hata Esha mwenyewe, haikupatikana. Intaneti iliporudi, kando ya nambari ya Esha palikuwa na neno moja la kijani.

Imesikilizwa.

Wiki zote hizi nimekuwa nikilisubiri neno hilo kama mtoto anavyosubiri Idi. Leo nililiangalia nikatamani lifutike. Ujumbe wa wiki hii naujua kwa moyo: mama, mwanao sasa ameanza kucheza tumboni. Tena nimeusema kwa furaha, huku nikitabasamu peke yangu mbele ya simu, kwa sababu tulifundishwa kwamba tabasamu husikika.

Esha alipiga baadaye, kutoka ufuoni, mahali pengine panaposhika mtandao. Hakulia wala hakufoka. Ningependelea afoke.

Mavyaa alikuwa na homa juzi, kwa hiyo majirani walikuwa wamekuja kumwangalia. Simu ilipolia, mavyaa mwenyewe ndiye aliyebonyeza. Wakasikiliza mpaka mwisho. Halafu jirani mmoja akasema hongera. Akasema hongera tupu, bila mashaallah. Mavyaa akainuka, akatia ubani kwenye chetezo, akaanza kusoma huku akizunguka chumba, na mpaka Esha anatoka alikuwa bado hajamtazama usoni. Esha hajui kama amekasirika kwa kufichwa au anaogopa kama yeye.

"Mdogo wangu, sauti yako naijua," aliniambia kwa Kibajuni chetu, ambacho watu ni wachu. "Wachu wa nyumba hii wote waijua."

Nitakiri jambo ambalo siwezi kuliandika kwenye ripoti. Esha aliponisimulia ile hongera ya jirani, nilitamka mashaallah haraka haraka, mara mbili, kana kwamba naweza kuifunika kutoka huku Kismayu. Nimesoma kwa nini mimba hutoka. Hongera haimo. Lakini bibi aliyenilea alinifundisha kabla ya chuo kunifundisha, na leo naogopa kwa yote mawili, niliyoyasoma na niliyolelewa nayo. Miezi iliyobaki ni mingi. Lolote likitokea, watu wa nyumba ile watakumbuka ni sauti ya nani iliyotangaza.

Nilimwomba radhi, nikamwambia namtoa kwenye mradi dakika hii hii.

"Usinitoe," alisema. "Washasikia. Ijumaa ijayo simu isipolia, wataniangalia tumbo. Watasema imetoka."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na ikitoka kweli? Utaniambia kila Ijumaa mwanangu acheza?"

Kwenye mpango wangu wote, uliopitishwa na watu wenye miwani, mama anaingia mwezi wa tatu na anatoka na mtoto. Njia nyingine hakuna. Nilimwandika mgonjwa katikati nikasahau kumwachia mlango.

Esha hakungoja nimalize kuona aibu. Akaanza kuniagiza kama mtu anayetuma vitu sokoni. Nianze na salamu tu. Kisha nimuulize kama yuko peke yake, na akiwa peke yake atabonyeza moja, hapo ndipo niseme ya tumbo.

"Nisipobonyeza, nena habari za kuchemsha maji," alisema. "Nena sana, wachu wasikize mpaka wachoke."

Tulicheka kidogo, kicheko cha watu wenye hofu. Kisha nikasikia upepo wa kwao kwenye simu.

"Na uniekee nambari nyingine. Ya kukwambia unyamaze. Nisilazimike kukwambia kwa mdomo."

Hapo mtandao ukakata, au alikata yeye.

Mwalimu nimemwandikia kila kitu, bila kujipamba. Bado hajajibu, na huenda huu ndio mwisho wa ufadhili wangu. Mwaka mzima nimeuota. Leo nikiupima na tumbo la Esha nauona mdogo.

Ujumbe wa wanawake wengine wote nimeusimamisha mpaka niwaulize kila mmoja anataka kupigiwa vipi na saa ngapi. Ila siwezi kuwapigia. Nitawaulizaje, na simu zao ziko kwenye misumari? Itabidi nivuke mwenyewe wiki hii bahari ikituliatulia, niketi na mmoja mmoja jikoni kwake. Na itabidi niingie nyumba ya Esha nimbusu mavyaa mkono. Hilo naliogopa kuliko mawimbi.

Shajara, wewe leo utakaa kwa kufuli. Nilichoandika hapa ni cha Esha kuliko changu, na hakitoki mpaka aseme kitoke. Safari hii nitangoja nijibiwe.

Jua linakaribia kuzama. Nimejifungia chumbani nimerekodi upya, huku Athmani akigonga mlango na kuuliza daktari amelazwa wodi gani. Nimerekodi salamu. Nimerekodi swali. Nimerekodi maji ya kuchemsha, marefu na ya kuchosha kama alivyotaka. Ilibaki ile nambari nyingine, ya siku mimba ikitoka, Mungu apishe mbali. Nimeiweka tisa, mbali kabisa na moja, kidole kisije kikakosea.

Lakini akishaibonyeza, nami niseme nini? Pole itasikika nyumba nzima. Dua ndefu itasikika pia. Na nikinyamaza tu, atadhani simu imekata, abonyeze tena.

Mwisho nimesema: "Nimekusikia, dada."

Basi. Sauti imetetemeka na sikurudia. Nimeihifadhi, na kompyuta, kama inavyofanya kwa kila ujumbe mpya, imeandika kando yake: Haijasikilizwa.

Ya Rabi, ibaki hivyo hivyo.